Usaili wa majaribio wa utendaji wa mtaa pale Ngamiani: lipia saa ya mzee, notsi waachie wenyewe

Niliahidi nikimaliza usaili wangu nitaandika, nimemaliza, sasa naandika. Kuna steshenari moja Ngamiani hapa Tanga, barabara za katikati huku, nje wamebandika karatasi kwamba wanaandaa wasailiwa wa nafasi za watendaji wa mitaa na vijiji. Jina la duka silitaji mana kuna mabaya nitayasema na sitaki kumharibia mtu riziki, ila ukifika ukaulizia mzee anayefundisha usaili utaonyeshwa, barabara zetu zina namba lakini watu tunaelekezana kwa watu.

Mi nakaa Makorora, nina stashahada ya maendeleo ya jamii na huu mwaka wa tatu niko nyumbani namsaidia mama biashara ya mihogo na samaki jioni. Zilipotangazwa nafasi za Mtendaji wa Mtaa daraja la tatu nikajitosa. Najua wapo wanaoidharau hii kazi, mshahara ni TGS B, ngazi ya chini ya mishahara ya serikali, na ofisi nyingi ni chumba kimoja na benchi nje, lakini we jiulize mwananchi akiwa na shida anamwona nani kwanza, hamwoni Mkurugenzi wala Meya, anakwenda kwa mtendaji na barua yake mkononi, ndo maana naitaka hii kazi kwa moyo wote na ndo maana nililipa hela yangu ya mihogo kujiandaa.

Pale dukani kuna huduma tatu na hazifanani hata kidogo kwa ubora kwa hiyo nazisema moja moja.

Ya kwanza kufunguliwa akaunti ya Ajira, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, na kutuma maombi, 5,000. Hapa nimeumia. Kijana wa kompyuta ana haraka, watu wamejaa mlangoni wanataka kopi, akanifungulia akaunti kwa imeili ya duka, paswedi akaandika kwenye daftari lake, mi nikaona sawa tu mradi maombi yameenda. Siku majina ya walioitwa yanatoka niko Pongwe msibani, na mnajua siku hizi lazima uingie kwenye akaunti yako unakili namba ya usaili, bila namba mlangoni unahangaika. Siwezi kuingia. Napiga simu ya duka haipokelewi mana ilikuwa Jumapili. Nilikaa msibani nusu roho kwa marehemu nusu roho kwenye simu mpaka Jumatatu asubuhi nikapanda daladala ya kwanza kurudi mjini. Jamani imeili iwe yako, paswedi iwe yako, ukae pembeni ya huyo kijana uandike mwenyewe hata kama anakuharakisha. Na sio hilo tu, alinipandishia hati ya matokeo ya form four badala ya cheti chenyewe, akaniambia matokeo yanatosha. Hayatoshi, kwenye tangazo imeandikwa wazi hati za matokeo hazikubaliwi, wanataka cheti halisi. Mzee ndo aliyeiona ile kasoro nilipomwonyesha nakala na tukawahi kurekebisha kabla dirisha halijafungwa. Nyota moja na hiyo moja ni kwa sababu kompyuta zao ziko spidi.

Ya pili notsi. 5,000 nyingine, kurasa arobaini na kitu zimebanwa pini, jalada la bluu. Hizi msinunue. Nasema msinunue sio kwa sababu maandishi ni hafifu, ingawa ni hafifu, bali kwa sababu ni notsi za Mtendaji wa Kijiji zimebadilishwa jalada tu. Ndani mtu kafuta neno kijiji kaandika mtaa, sehemu nyingine kasahau hata kufuta. Zinakwambia mtaa unatunga sheria ndogo zake, zinakwambia mtendaji wa mtaa anasimamia ardhi ya mtaa, zinataja Sura 287. Mimi nilizimeza zote wiki nzima usiku, nikawa nazisema kama Fatiha, nikaenda kwa mzee kifua mbele.

Sasa tufike kwa mzee mana huyu ndo ananifanya nikae niandike yote haya.

Ni mtendaji wa kata mstaafu, kafanya kazi vijijini huko kisha akamalizia mjini, anapewa chumba cha nyuma cha duka, meza moja viti saba na feni ambayo umeme ukikatika tunakaa na jasho letu. Usaili mmoja wa majaribio 10,000, ukichukua mitatu 25,000. Mnakuwa kikundi cha watu watano au sita. Siku ya kwanza kabla hajamhoji mtu alisema jambo moja na alilisema taratibu, kwamba hamjui mtu yeyote kwenye jopo, hana mtu wa kumpigia, na akija mtu kumwambia mmoja wetu atoe laki kadhaa ili jina lipite huyo ni tapeli tumripoti. Hapo nilitulia. Wapo wengine mjini humu wanakula hela za watoto wa watu kwa maneno hayo hayo ya nina mtu ndani.

Nikaitwa wa kwanza. Shikamooni, marahaba, kaa, jitambulishe, kisha akaniuliza swali ambalo nilidhani ni jepesi, mtaa na kijiji vina tofauti gani kimamlaka. Nikatiririka. Alinisikiliza mpaka mwisho hakunikatiza hata mara moja, halafu akasema, "Mwanangu umenijibu vizuri sana majukumu ya mtu mwingine." Akachukua zile notsi zangu akaanza kunionyesha. Kijiji kinakwenda na Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, ndo hiyo Sura 287, mtaa uko mjini na unakwenda na ile ya Mamlaka za Miji, Sura 288, zote ni za mwaka 1982 na watu wanazichanganya. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25, inaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, inaweza kutunga sheria ndogo zikapitishwa na halmashauri ya wilaya, na inasimamia ardhi ya kijiji kwa sheria Na. 5 ya 1999. Mtaa haupo hivyo. Mtaa hautungi sheria ndogo, sheria ndogo za mjini zinatungwa na halmashauri ya jiji, na mtaa hauna ardhi ya kugawa wala kuuza. Mtendaji wa mtaa anayesema atasimamia ugawaji wa viwanja keshaanza kazi kwa kosa, na huko mbele ndo wanakopatikana wale wa kugonga mhuri kwenye mauziano ya eneo la wazi halafu watu wanabomolewa.

Nilitoka pale sijala mchana na sikuwa na njaa. 5,000 yangu ya notsi iliniuma ila kilichoniuma zaidi ni wale wengine walionunua notsi zile zile na hawakuingia chumba cha nyuma, mana mzee analipiwa kivyake na notsi zinauzwa mbele, hana sauti nazo, alishamwambia mwenye duka mara kadhaa. Mwenye duka kama unasoma hapa nakuomba kaka yangu ziondoe, ni wiki moja tu ya kazi kuziandika upya na mzee yupo humo humo ndani.

Siku ya pili ndo ilikuwa bora kuliko zote. Badala ya kutuhoji yeye akatugeuza, watatu tukae upande wa jopo na watatu wahojiwe, akatupa karatasi ya alama. Mi nikawa mwenyekiti wa jopo. Sikuwahi kufikiria maishani kumhoji mtu kazi na nawaambia ukikaa upande ule unajifunza kuliko kuhojiwa mara kumi.

Akaingia kijana mmoja ana digrii, shati limenyooka, anaongea. Tukamuuliza majukumu ya mtendaji wa mtaa akayataja yote kwa mpangilio, katibu wa kamati ya mtaa, mtendaji mkuu wa mtaa, mratibu wa sera na sheria za halmashauri, mshauri wa kamati kwenye maendeleo na ulinzi na usalama, kutunza rejista ya wakazi, hakuacha kitu. Nikampa alama za juu. Kisha tukampa tukio la mzee: usiku mvua kubwa, jirani kajenga uzio kaziba mtaro, maji yanaingia kwa mama mjane, mama anakupigia simu saa nne usiku, unafanyaje. Kijana akasema nitahakikisha sheria inafuatwa, nitahakikisha wadau wote wanashirikishwa, nitahakikisha mgogoro unatatuliwa kwa amani. Mi bado namwandikia alama nzuri mana alikuwa anasikika vizuri kweli kweli.

Akaingia dada mmoja wa Duga, katibu wa kikoba mtaani kwao, hajui kupanga maneno, anameza mate. Swali la majukumu akasahau mawili. Kwenye tukio la maji akanyamaza kidogo halafu na yeye akauliza, huyo mama yuko na nani ndani usiku huo? Tukatazamana. Mzee akasema yuko na wajukuu wawili. Dada akasema basi kwanza nampigia mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa kamati aliye karibu tuwatoe watoto walale kwa jirani, mtaro tutauona asubuhi, asubuhi naenda na mwenyekiti tunaangalia, namwita mwenye uzio anieleze kibali chake cha ujenzi, naandika nilichokiona, nakala kwa Mtendaji wa Kata na watu wa ujenzi wa jiji, namwandikia yule jirani barua yenye siku ya kuzibua, nasaini na tarehe. Akamaliza akanyamaza.

Tulipojumlisha alama mimi nilikuwa nimempa kijana nyingi kuliko dada. Mzee hakunigombeza, aliniuliza tu, "Ungekuwa wewe ndo yule mama, ungependa namba ya nani kwenye simu yako?" Sikuweza kuitetea ile karatasi yangu. Yule kijana mwenyewe alikuwepo akasikia na nampa heshima yake, hakununa, alitoa daftari akaandika. Kuanzia hapo mzee akapiga marufuku neno nitahakikisha mle ndani, ukilisema unaanza jibu upya, anasema nitahakikisha haizibui mtaro, sema unatoka na nani, unaandika nini, unampelekea nani. Mkitaka kujua ugumu wake jaribuni kujibu maswali matatu ya kazi za serikali bila hilo neno.

Mengine alitupitisha haraka lakini yote ya msingi. Mwenyekiti wa mtaa kachaguliwa na wananchi, hawa wa sasa tuliwachagua tarehe 27 Novemba 2024 na muda wao ni miaka 5, we mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, kwa hiyo humwamrishi na yeye hakutumi kuvunja sheria. Mkutano wa wakazi, mapato na matumizi yasomwe kila miezi mitatu hata kama ni elfu ishirini. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, na mtendaji lazima aijue mana vikundi vinaanzia kwake. Mwenzetu mmoja kwenye ule ule mgogoro wa mtaro akasema atamwita balozi wa nyumba kumi, mzee akamsahihisha kwa upole kwamba balozi ni kiongozi wa chama, watu wanamheshimu na utamsalimia, ila kwenye barua ya serikali yako unaandika kamati ya mtaa.

Kwenye fedha ndo alikaa muda mrefu na sauti yake ilibadilika. Fedha mbichi. Umekusanya ushuru kwa mashine, jioni imefika, benki imefungwa, mtoto wa jirani anaumwa, mwenyekiti anasema tumia kidogo utarudisha kesho. Alisema amewaona vijana wazuri, waswalihina, wamepoteza kazi zao kwa hiyo hiyo "kidogo utarudisha kesho", na siku hizi na mifumo hii ya Tausi ya kukusanya mapato kila kilichokatwa risiti kinaonekana kule juu kabla hujafika nyumbani. Jibu lake kwenye usaili ni fupi, hela iliyokusanywa haitumiki kabla haijaingia benki, mwisho. Mtoto wa jirani msaidie kwa mfuko wako. Alivyolisema lile tulikaa kimya wote na nje pikipiki zinapita.

Siku ya tatu akatutoa chumbani. Alituuliza kama tunajua Mkurugenzi anapatikanaje, tukamwambia anateuliwa na Rais, akasema sawa, lakini Marekani kuna miji kibao inaajiri meneja wa mji kwa tangazo na baraza lao ndo linamhoji, walianza huko Staunton, Virginia mwaka 1908, na mji mwingine mahojiano yanafanyika mbele ya wananchi wenyewe wamekaa kwenye viti wanasikiliza. Akasema na nyie mtendaji wa mtaa atahojiwa na wananchi kila siku ya kazi yake bora muanze leo, akatuweka mbele pale kwenye foleni ya kopi, akawaambia watu waliokuwa wanasubiri wamuulize kila mmoja wetu swali moja. Jamani. Kuna mama mmoja wa Mabawa aliniuliza kwa nini gari la taka kwao linapita leo halafu wiki mbili kimya na hela ya taka wanadaiwa, na alikuwa ameudhika kweli sio wa kuigiza. Nikajibu kwa nilivyofundishwa, nani namfuata, naandika nini, nakurudishia jibu lini. Akasema haya, ukipata njoo mtaani kwetu. Mpaka leo nikikumbuka lile neno najisikia vizuri.

Kasoro za kwa mzee zipo pia. Chumba kina joto, kelele za dukani zinaingia, na anachelewa kuanza mana kila anayepita anataka kumsalimia. Na kikundi kikifika sita muda haumtoshi, siku ya pili mmoja wetu alihojiwa dakika tano tu, alilipa sawa na sisi, haikuwa haki na nilimwambia mzee akakubali akamwita tena bila malipo.

Usaili wenyewe nilifanya. Mchujo wa kuandika nilipata 61, wanataka kuanzia 50. Mahojiano ya ana kwa ana yalikuwa mafupi, jopo halicheki wala halikasiriki, na moja ya maswali lilikuwa mtaa na kijiji kimamlaka, nililijibu huku naiona ile meza ya chumba cha nyuma. Mwenzangu mmoja wa pale nje alisema alijibu kwa zile notsi za bluu, sikuweza kumwambia kitu. Mimi nimefaulu, sijapangiwa, jina lipo kanzidata ya waliofaulu nasubiri. Dada wa Duga kapangiwa. Nilipopata taarifa nilikwenda kwao na mkate wa kumimina wa mama.

Kwa hiyo nyota zangu: akaunti moja, notsi sifuri, mzee tano na angekuwa na chumba chenye dirisha ningetafuta ya sita. Anapatikana Jumanne na Alhamisi baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Nendeni na vyeti halisi sio nakala, na cheti cha kuzaliwa, mana huwa anavikagua kabla hajawahoji, kuna mwenzetu cheti kimoja kimeandikwa Mwanaisha kingine Mwanaesha na angerudishwa mlangoni kama asingewahi kushughulikia hati ya kisheria ya kusahihisha jina. Beba na maji yako, na leso.